Daftari la Miaka Arobaini na Mitatu



Juma lililopita hatukuwaandikia, na wapo waliotupigia simu kuuliza kama tunaumwa. Tunawashukuru kwa upendo huo, lakini hatukuwa tunaumwa. Tulikuwa na jambo lililotulazimu kulitafakari kwanza kabla ya kulisema, kwa kuwa ndani yake limo kosa letu wenyewe, na mtu huona wepesi kuandika makosa ya jirani kuliko kuandika ya kwake.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Jioni moja, miezi michache kabla ya mtihani wa kidato cha nne wa Novemba 2025, alifika ofisini kwetu fundi mmoja wa majokofu ambaye karakana yake ipo hapa hapa Mwananyamala, upande wa kuelekea Kwa Kopa. Alikuwa amefuatana na mpwa wake, binti wa miaka 17, bado akiwa katika sare ya shule na mkoba mgongoni. Waliamkia, tukawakaribisha viti. Fundi alifuta mikono yake kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko hiyo mikono, kisha akasema: "Baba, huyu mtoto wa dada yangu anatakiwa kujaza selform. Nimekuletea umwambie yale uliyoniambia mimi."

Hakuyasema maneno hayo kwa kejeli. Angeyasema kwa kejeli, tungejua la kujibu.

Ili msomaji atuelewe, hatuna budi kurudi nyuma hadi mwaka 2009, wakati tulipokuwa tukihudumu hapa kwa mara ya kwanza, kabla ya kuhamishwa na baadaye kurudishwa. Fundi huyu alikuwa kijana wa miaka 17, mwanafunzi wa kidato cha nne. Jioni na siku za Jumamosi alikuwa akishinda kwa mzee mmoja aliyetengeneza majokofu chini ya mwembe, na watu walikuwa wameanza kumwulizia kijana badala ya mzee. Alikuwa na sikio la ajabu. Aliweza kusimama mlangoni pa nyumba, akasikiliza jokofu likinguruma jikoni, akakuambia ubovu uko wapi kabla hajaligusa. Mzee wake, ambaye hakuwa na mtoto wa kiume aliyependa kazi ile, alikwisha kusema mbele za watu kwamba akichoka atamwachia kijana vyombo na wateja.

Kijana alitujia na fomu yake ya machaguo. Alitaka kuweka mbele chuo cha ufundi cha VETA pale Chang'ombe, asomee majokofu na viyoyozi, apate cheti cha kuthibitisha kile ambacho mikono yake ilikwisha kukijua. Mama yake hakupenda. Alitaka mtoto aende kidato cha tano, na alitutuma sisi kama watu tunaosikilizwa. Nasi tukaifanya kazi hiyo kwa bidii, tena kwa ufasaha, jambo ambalo leo linatuumiza zaidi. Tulichukua karatasi tukamchorea ngazi: kidato cha tano na cha sita kwa mchepuo wa Historia, Jiografia na Kiswahili, chuo kikuu kwa shahada ya ualimu, mkopo wa Serikali, kupangiwa kituo, kuthibitishwa kazini, kupanda daraja, kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 au kwa lazima akiwa na miaka 60, pensheni. Ngazi nzuri, kila daraja limenyooka. Tulimwambia kwamba ufundi hautamkimbia, lakini nafasi ya shule humkimbia mtu. Akasikiliza, akakunja fomu, akaenda kuijaza kama tulivyotaka.

Wazee wa Kizaramo husimulia kwamba jina la mtaa wetu lilitokana na maneno ya kumbembeleza mtoto alie kidogo kisha anyamaze. Hatujui waliolipa eneo hili jina walikuwa na mtoto gani mkononi. Mwaka ule sisi tulikuwa na wa kwetu, na alinyamaza.

Tuseme haki: ushauri ule haukuwa wa kipumbavu kwa wakati wake. Mwaka 2004 Serikali ilikuwa imeanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, na shule za kata zikachipuka kila mahali, nyingi zikiwa na majengo, wanafunzi na mwalimu mkuu, lakini bila walimu wa kutosha. Uhaba ulikuwa mkubwa hata vijana waliotoka kidato cha sita wakapewa mafunzo ya muda mfupi na kupelekwa madarasani, na watu wenye utani wao wakawaita walimu wa Voda Fasta. Mwaka 2005 vilianzishwa vyuo vikuu vishiriki vya ualimu, cha Chang'ombe hapa Dar es Salaam na cha Mkwawa kule Iringa. Mwaka 2007 kikafunguliwa Chuo Kikuu cha Dodoma. Bodi ya Mikopo ilikwisha kuanza kazi mwaka 2005, na ualimu ulikuwa miongoni mwa fani zilizopewa kipaumbele. Aliyehitimu ualimu hakuandika barua ya kuomba kazi. Alisubiri orodha itoke, akatafuta jina lake, akafunga mizigo kwenda Tandahimba au Kasulu. Mtu yeyote mwenye macho angesema hiyo ndiyo njia.

Tena mawazo hayo tuliyarithi. Taifa hili lilizaliwa likiwa na wasomi wa kuhesabika, na katika Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, ule wa 1964 hadi 1969, liliweka shabaha kwamba ifikapo mwaka 1980 lijitosheleze kwa wataalamu wake wa ngazi za juu. Ili shabaha hiyo ifikiwe, wanafunzi walielekezwa kwenye masomo yaliyohitajika, na aliyesomeshwa kwa fedha za umma aliwajibika kuutumikia umma. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likaongeza kwamba kijana atoke shule aende kazini kwanza, na chuo kikuu aingie baadaye akiwa na pendekezo la mahali pake pa kazi. Kwa maneno mengine, mpango wa maisha ya mtu uliandikwa ofisini na watu wengine, na kwa sehemu kubwa ulitimia. Kizazi chetu kililelewa humo. Hata sisi wenyewe, tukumbuke, ni watu wa kupangiwa: barua ya askofu inafika, tunafunga sanduku. Labda hatukuwa watu wa kufaa sana kumshauri kijana juu ya kujipangia.

Kijana alifaulu. Alimaliza kidato cha sita mwaka 2012, akaingia chuo kikuu mwaka huo huo, akahitimu mwaka 2015. Wasomaji wengi wanajua kilichofuata, kwa sababu kimewagusa majumbani mwao. Waliohitimu mwaka 2015 walisubiri orodha kama kaka na dada zao waliowatangulia, na orodha haikutoka. Mwaka 2016 ajira mpya serikalini zilisimamishwa kwa ajili ya uhakiki wa watumishi hewa na vyeti. Ajira za walimu ziliporudi, zilirudi kwa mafungu, na waliotakiwa kwanza walikuwa wa sayansi na hisabati. Mwalimu wa Historia na Kiswahili alikaa benchi. Baadaye utaratibu wenyewe ukabadilika, na siku hizi mwalimu huomba nafasi na kuitwa kwenye usaili akishindana na maelfu ya wenzake.

Kijana wetu alifundisha shule binafsi kwa muda, kwa mshahara ambao hakutaka kututajia, kisha akaacha. Alirudi Mwananyamala kumtafuta mzee wake wa chini ya mwembe. Mzee alikwisha kufariki. Vyombo na wateja alikuwa amewarithi kijana mwingine, aliyejifunza baadaye, ambaye hakuwa na sikio lile lakini alikuwapo. Mwalimu mwenye shahada akaanza kama kibarua kwa mtu aliyestahili kuwa msaidizi wake. Miaka mitatu alibeba mtungi wa gesi nyuma ya mwenziwe. Karakana aliyo nayo leo ameijenga mwenyewe, shilingi kwa shilingi, na mkopo uliomsomesha bado anadaiwa.

Haya yote hatukuyajua kwa ukamilifu hadi jioni ile. Tulirudi hapa tukamkuta ana karakana, tukafurahi, tukadhani mambo yamenyooka. Hatukuuliza.

Basi tuliposikia, "umwambie yale uliyoniambia mimi," tulikaa kimya kitambo. Kisha tulimwomba radhi, mbele ya mpwa wake. Alitazama chini. Akasema, "Baba, si wewe uliyesimamisha ajira." Tulikubali kwamba hilo ni kweli. Akaendelea, polepole, kama mtu anayefungua skurubu iliyoshika kutu: "Lakini wewe ndiye uliyenitoa kwa mzee wangu." Hilo nalo ni kweli, na halina uhakiki wala waraka wa kulilaumu.

Hatukuweza kumshauri binti jioni ile. Tuliwaomba warudi Jumamosi, na katika siku hizo za katikati tukaenda kumtembelea mzee mmoja wa mtaa wetu, ambaye ana miaka 78 na akili iliyonyooka kama reli. Tunataja reli kwa makusudi. Mzee huyu aliajiriwa mwaka 1968 na Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, akiwa fundi wa mitambo ya ishara, na mwaka 1973 akahamishiwa Nairobi yalikokuwa makao makuu. Huko aliandika, kwa mkono wake, mpango wa maisha yake hadi mwaka 2002 atakapotimiza miaka 55. Alijua mwaka atakaopanda cheo, mwaka atakaomaliza nyumba, mwaka atakaomsomesha mtoto wa tatu. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika. Mpaka kati ya Tanzania na Kenya ulifungwa mwezi Februari, na yeye akajikuta Dar es Salaam na sanduku moja, mke na watoto wawili. Alipata kazi ya ngazi ya chini kuliko aliyoiacha, na jioni akawa anatengeneza redio za watu sebuleni kwake. Baada ya miaka michache redio zikalipa kuliko mshahara, akaacha kazi. Nyumba anayoishi imejengwa na redio.

Tulimwuliza kama alijuta kuandika mpango ule. Alicheka hadi akakohoa. Alisema kosa halikuwa kuandika. Kosa ni kwamba mpango ulikuwa wa Shirika, yeye alipanda tu kama abiria, akalala. "Gari la moshi likiacha njia, abiria aliyelala ndiye anayeumia zaidi." Kisha akasema neno tuliloliandika pembeni: kwamba katika mpango wake wote aliandika vyeo, na hakuandika hata mahali pamoja kwamba anajua kusoma waya. Na waya ndio uliomlisha.

Neno hilo lilitukumbusha mtu ambaye jina lake halihitaji maelezo hapa nchini. Julius Nyerere alijipanga kuwa mwalimu, na alijipanga kwa muda mrefu. Alisomea ualimu Makerere kuanzia mwaka 1943 hadi 1945, akafundisha Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, akaenda Edinburgh mwaka 1949, akarudi na shahada yake mwaka 1952, na mwaka uliofuata akaanza kufundisha Shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, kilomita chache tu kutoka hapa tulipo. Karibu miaka kumi ya matayarisho kwa kazi moja. Tarehe 7 Julai 1954 ikazaliwa TANU, yeye akiwa rais wake, na mwezi Machi 1955 akasafiri hadi New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi aliwekwa mbele ya uchaguzi: ualimu au siasa. Alikuwa anakaribia miaka 33, ana mke na watoto wadogo, na TANU haikuwa na mshahara wa kumlipa. Aliacha ualimu.

Watu husimulia habari hii kana kwamba alitoka Pugu akaingia Ikulu. Haikuwa hivyo. Alirudi kwao Butiama akakaa miezi kadhaa, na katika miezi hiyo alikuwa akimfundisha mmisionari wa Maryknoll lugha ya Kizanaki. Tunapenda sana sehemu hii ya habari, ambayo vitabu vya shule huiruka. Kiongozi wa chama cha ukombozi, ambaye wiki chache kabla alikuwa New York, anakaa kitako kumfundisha mgeni kutamka Kizanaki. Kazi ilikwisha, cheo cha mwalimu kilikwisha, lakini ufundi wake wa kufundisha hakuwa ameuacha Pugu. Baadaye alipokuwa kiongozi wa nchi alitafsiri tamthiliya mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, na wananchi hawakumwita kwa cheo chochote zaidi ya Mwalimu. Mwenyewe alizoea kusema kwamba ualimu aliuchagua, siasa ilimjia tu.

Wengine watatuambia kwamba Nyerere si mfano wa kumpa binti wa genge la Mwananyamala. Tunakubali. Tulichokitaka kwake si ukuu wake, ni hesabu yake: kwamba mtu anaweza kupanga kwa miaka kumi, mpango ukavunjika, na asirudi sifuri, kama alijua ni nini hasa alichokuwa anakipanga.

Jumamosi walirudi, mjomba na mpwa wake, pamoja na mama wa binti ambaye alifunga genge lake mapema kwa ajili hiyo. Tulikuwa tumenunua daftari kubwa, kauntabuku ya karatasi nene, na kalamu mbili. Tulimpa binti, tukamwambia kwamba atakayeandika ni yeye. Ukurasa wa kwanza tulimwomba aandike umri wake na miaka: 17, mwaka 2025, 21, mwaka 2029, 25, mwaka 2033, 42, mwaka 2050, ambao ni mwaka wa Dira mpya ya Taifa iliyozinduliwa Julai 2025, na 60, mwaka 2068. Aliandika 2068, akaitazama, akacheka. Mama yake hakucheka. Miaka arobaini na mitatu ni mingi ukiiona imeandikwa.

Kisha tulimwuliza swali ambalo mwaka 2009 hatukuliuliza: ni kazi gani mikono yako imekwisha kuifanya bila kutumwa? Tulidhani atasema hesabu za genge, kwa maana kila mtu anajua ndiye anayeziweka. Akasema bibi yake ana kisukari. Yeye ndiye anayempima sukari kila asubuhi kabla ya shule na kuandika, yeye ndiye anayekumbuka siku za kliniki pale Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mwananyamala, na muuguzi mmoja wa pale amezoea kumwuliza yeye, si bibi, maendeleo ya kidonda cha mguu. Mama alikuwa akitaka binti awe mhasibu. Mjomba alikuwa akitaka kompyuta. Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Mjomba alitutazama, nasi tukamtazama, na tuliona kwamba alikuwa karibu kumfanyia mpwa wake kile kile alichofanyiwa.

Hatukumwambia awe muuguzi. Ingekuwa rahisi, na ulimi ulikuwa tayari. Tulimpa kazi ya wiki mbili: atafute watu watatu wanaofanya kazi hiyo au wanaoitafuta, awaulize wanaamka saa ngapi, wanalipwa lini, nini kinawachosha, na wangejua nini walipokuwa na miaka 17. Aandike majibu.

Alirudi na kurasa kumi na moja. Muuguzi wa kliniki alimwambia habari za zamu za usiku na mgongo. Wa pili, binti wa mtaa wa jirani, amemaliza stashahada na yuko hospitali akijitolea bila ajira, mwaka wa pili sasa. Huyo ndiye aliyemwogopesha, na ilifaa aogopeshwe mapema, kwa kuwa wauguzi nao hawapangiwi tena kama zamani. Wa tatu aliacha uuguzi akafungua duka la dawa, na anasema hajuti kusomea. Binti alikuwa amegundua pia jambo ambalo sisi hatukulijua vizuri: kwamba zipo njia mbili. Akitoka kidato cha nne na alama nzuri za Kemia, Biolojia na Fizikia anaweza kwenda moja kwa moja chuo cha uuguzi na ukunga kwa miaka mitatu, akawa amemaliza mwaka 2029. Au aende kidato cha tano mchepuo wa PCB, miaka miwili, kisha shahada ya miaka minne na mwaka mmoja wa mafunzo kazini, amalize mwaka 2033. Na mwenye stashahada anaweza baadaye kurudi kuchukua shahada akitimiza vigezo.

Tulibishana juu ya njia hizi mbili kwa saa nzima, na hapo ndipo mama yake alipotufundisha. Alichukua kalamu akaandika upande wa pili wa ukurasa fedha zinazoweza kupatikana: genge, mchezo wa kila wiki, mjomba, VICOBA. Alizigawanya kwa miaka. Miaka mitatu ya chuo ilienea kwa kujibana. Miaka saba haikuenea bila mkopo. Mjomba akasema kwa sauti ndogo kwamba mkopo si dhambi, ila ajue ni deni la mtu mzima na lisiandikwe kama zawadi. Binti aliliandika katika safu ya madeni.

Kuna ukurasa ambao mzee wa reli alitusihi tusiuruke. Tuliupa kichwa cha habari "Likivunjika". Humo binti aliandika mwenyewe mambo ambayo hatukuthubutu kumtajia: nikifeli Kemia, mama akiugua, ajira zisipotoka, bibi akifariki nisitake tena kuona hospitali. Mbele ya kila moja aliandika kitu atakachobaki nacho mkononi. Mbele ya la ajira aliandika: kupima, kufunga kidonda, kuweka hesabu, kusema na wagonjwa wazee. Sehemu ya fedha tulimwachia wazi, tukamwambia airudie kila mwaka. Mzee wa reli ndiye aliyechagua siku: tarehe 7 Julai, Sabasaba, kwa sababu ni sikukuu na hakuna mwenye kisingizio cha kazi.

Selform aliijaza shuleni siku chache baadaye. Aliweka nini kwanza na nini pili, hilo ni lake na mama yake, nasi hatutaliandika hapa. Matokeo yakitoka anaweza kubadilisha machaguo, na daftari lina nafasi.

Tunabaki na fundi. Jumamosi ile ya mwisho, mama na binti walipokwisha kutoka, yeye alibaki akizungushazungusha kalamu ya pili, ambayo hakuna aliyeitumia. Akaomba karatasi moja. Tulimchania kutoka mwisho wa daftari letu wenyewe. Akaandika 33, mwaka 2025, akaacha nafasi, akaandika 40, mwaka 2032. Chini yake akaandika vitu viwili katika mistari miwili: majokofu, kufundisha.

Tulijua jambo ambalo lingemfaa. Tulijua kwamba mtaala mpya wa sekondari umeweka mkondo wa amali, na shule zinazoufundisha zinahitaji watu wanaojua kazi kwa mikono na pia wanajua kusimama mbele ya darasa. Tulijua kwamba kule Morogoro kuna chuo kinachoandaa walimu wa ufundi stadi. Maneno yalikuwa yamejipanga kinywani, daraja kwa daraja, ngazi nyingine iliyonyooka. Tulimwambia mambo hayo mawili kama habari, kwa sentensi mbili, tukanyamaza.

Alikaa nayo. Akauliza kama chuo hicho kinapokea mtu wa umri wake. Tukasema aende akaulize mwenyewe, asitegemee maneno yetu. Akatabasamu kidogo, akakunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati ulio na penseli na kipimajoto. Mlangoni alisimama akageuza kichwa upande wa jikoni kwetu, akasikiliza.

"Baba," akasema, "hilo friji lenu lina muda gani likinguruma hivyo? Kompresa inakufa. Nitapita Jumanne."